Pamba Katikati ya Rejeta

Kabula,

Mama yako alifia ndani ya gari, barabarani, kabla ya kufika Tinde. Hakufia hospitali. Hospitali hakuiona. Aliyefanya asiione ni mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Najijua.

Leo Jumapili, karasha limezimwa, mawe hayasagwi. Wewe uko njiani unatoka Songwa kumuaga bibi yako, umesema jioni utakuwa hapa. Kesho asubuhi una basi la Morogoro. Nimekaa mlangoni juu ya ndoo, daftari liko gotini. Ni daftari lako la darasa la sita, nyuma bado lina hesabu zako. Unajua mimi niliishia darasa la nne. Ukikuta neno limekosewa, lisome hivyo hivyo.

Habari za kula vizuri na kufunga mlango sikuandikii. Umekaa chuo cha ufundi miaka mitatu, hukufa. Habari yangu ni moja.

Siku ile ulipokuja na taarifa ya kazi tulikuwa tunakula. Ukasema, "Baba, nimepata gereji ya magari ya mashindano. Kazi yangu mimi ni joto tu. Gari likichemka, anayeulizwa ni mimi." Ukacheka. Mimi nikarudisha tonge kwenye sahani, nikatoka nje. Ulifikiri nimekasirika. Ukamwambia Mama Shija hapo jirani kwamba baba hataki mtoto wa kike ashike spana. Aliniambia. Kabula, spana ya kwanza nilikupa mimi. Sikutoka kwa hasira. Nilitoka kwa sababu kazi hiyo niliwahi kupewa mimi. Joto la gari, gari la mbio kama hayo ya kwenu. Na mama yako alikufa kwa kazi hiyo.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikaa hapa hapa upande wa Buzwagi, chumba kilekile. Nilikuwa nabeba mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kupeleka karasha. Bosi Nkwabi alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu mnene, mdomo mkali, nyumba yake ilitazamana na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Alipata sana mwaka ule. Akanunua gari.

Lilikuwa jeupe, fupi, milango miwili, limelala chini kabisa. Lilikuja juu ya lori. Siku linateremshwa kina mama wa sokoni waliacha nyanya zao wakaja kutazama. Mmoja akauliza, hili limelala, litaamka saa ngapi? Watu wakaliita Mjusi, na jina likabaki. Lakini likiwashwa hakuna aliyecheka. Lilikuwa na tabo mbili za kuisukumia injini hewa. Ukisimama nyuma yake unasikia sauti kifuani.

Bosi akanitoa kwenye mawe. Akasema, Baba Kabula, wewe hunywi pombe, utakuwa mtu wa gari. Utaliosha, utaangalia maji, utahakikisha halichemki. Akaniuliza kama najua mambo hayo. Nilikuwa sijui hata boneti inafunguliwa wapi. Nikasema najua.

Aliyenifundisha ni Fundi Athumani, mtu wa Tabora, mpole kwa gari, mkali kwa watu. Alisema injini hii imezaliwa kwenye baridi, na hapa kwetu saa nane mchana lami inakaanga karanga. Kwa hiyo kila nikilikaribia nijiulize upepo unaingia wapi na unatokea wapi. Maji niangalie asubuhi, kabla ya kuwasha. Nisitie maji ya kisima, maana ya hapa yana chumvi, yanaganda ndani ya rejeta kama yanavyoganda kwenye birika. Nitie yale mekundu ya dukani. Kifuniko nisikiguse kikiwa cha moto. Likitoka mbio nisikubali lizimwe hapo hapo, liachwe lingurume mpaka tabo zipoe, kwa sababu oili ikisimama kwenye tabo ya moto inaungua. Chini ya pua kulikuwa na plastiki pana inayokwaruza kila tuta la barabarani. Vijana wa stendi walimshauri bosi aing'oe. Fundi akakataa. Akasema hiyo ndiyo inayosukuma upepo kwenye rejeta, mkiing'oa upepo unapita chini unakwenda zake.

Haya yote unayajua kuliko mimi. Nayaandika ujue kwamba niliambiwa. Sikukosa kwa kutojua.

Mwezi wa pili wa kazi niliambiwa nifungue bampa ya mbele niondoe vumbi. Ile bampa imeshikwa na vibanio vidogo vya plastiki, vinataka kidole chepesi. Mimi vidole vyangu unavijua. Nikavunja viwili. Bosi hakunifokea nyumbani. Alisubiri mpaka mchana, mgahawani, watu wamejaa, akaviweka mezani. Akasema, tazameni, huyu mikono yake ni sululu, mpeni mawe, msimpe gari. Watu walicheka mpaka mwenye mgahawa akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo nikawa Sululu. Nikipita, Sululu. Hata mama yako kisimani wakamwita Mama Sululu. Yeye alicheka pamoja nao. Akarudi nyumbani, akaweka ugali na mlenda, akaniita, "Sululu, njoo ule." Kwake likaisha siku ileile. Mimi lilibaki ndani. Nikaapa bampa ile siigusi tena.

Ukaja msimu wa pamba. Unajua jineri ikianza kazi inavyokuwa. Nyuzi zinaruka, zinakaa kwenye miti, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye chai. Na gari lililala pale, pua inatazama jineri. Mchana linapita kwenye vumbi la makarasha.

Fundi Athumani akapata taarifa ya msiba kwao, ikabidi aondoke. Kabla ya kupanda basi alikuja kunitafuta. Akasema gari hili lina rejeta mbili, moja nyembamba ya kiyoyozi mbele, na kubwa nyuma yake. Pamba inaingia katikati, huioni kwa nje. Akanishika mkono, "Sikiliza wewe. Fungua bampa, tenganisha rejeta, puliza kwa upepo mkavu kutoka nyuma kuja mbele. Usipige maji kwa mbele. Ukipiga maji unaishindilia." Nikasema sawa fundi.

Sikufungua bampa. Niliogopa vibanio. Niliogopa meza ya mgahawa. Nikachukua pampu ya kuoshea magari, nikapiga maji kwa mbele, kwa nguvu, mpaka rejeta ya mbele ikang'aa. Nikaipiga tena kila siku ya tatu. Pamba, vumbi la mawe na maji. Wewe unajua hivyo vitatu vikikauka juani vinakuwa nini.

Bosi akauliza umesafisha rejeta? Nikasema nimesafisha. Akainama akatazama, ikang'aa, akanipa heko mbele ya watu. Ndiyo heko pekee aliyowahi kunipa. Nikaipokea.

Baada ya wiki mbili akaniambia mshale wa joto unapanda akienda Isaka. Nikamwambia ni jua tu, bosi. Akakubali. Mwezi ule jua lilikuwa kweli kali.

Sasa siku yenyewe.

Mama yako alikuwa na mimba ya miezi minane. Hilo pia hukuambiwa. Ungekuwa na mdogo wako. Mchana, kama saa saba, alikuwa anamenya viazi vya kukausha michembe pale nje, akasimama akaona damu kwenye kanga. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa. Tulimpeleka kituo cha afya kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshika. Wewe ulibaki kwa Mama Shija.

Nesi alikuwa mwanamke mtu mzima, simsahau. Alimpima, akanitoa pembeni. Akasema kondo limekaa vibaya, anatakiwa kupasuliwa, na damu ya kundi lake hapa haipo, Shinyanga ipo. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mtu, liko linarudi, limeshafika Isaka. Akasema, "Baba Kabula, subiri. Nusu saa tu. Lile lina dripu na lina mtu wa kumshika. Wewe ukimpeleka utampeleka mikono mitupu."

Nikamwambia bosi wangu ana gari ambalo kwa nusu saa litakuwa limefika Tinde, njia ya Shinyanga.

Nikakimbia. Bosi Nkwabi alikuwa anakula. Nilimwambia maneno matatu, akaacha chakula, akachukua ufunguo. Hakuuliza kama kiti chake kitachafuka. Yule yule wa mgahawani. Nimemchukia na nimemshukuru mtu huyo kwa pamoja miaka yote hii, na mpaka leo sijui kipi kizito.

Tulimlaza mama yako kiti cha mbele, tukakilaza kabisa. Mimi nikajikunja nyuma, kichwa kimegusa paa, mkono wangu uko begani kwake. Bosi akawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Lile gari likaondoka. Mama yako akasema, "Kumbe Mjusi anakimbia hivi." Akatabasamu. Alikuwa hajawahi kulipanda. Mume wake analiosha kila siku na yeye hajawahi kulipanda.

Kabla ya Isaka tukapishana na gari la wagonjwa. Nililitazama likipita.

Tulipoiacha Isaka bosi akaanza kutazama mshale. Nikamwona anatazama barabara, anatazama mshale. Mwendo hakupunguza. Halafu akaniuliza, bila kugeuka. Maneno haya nayaandika kama yalivyosemwa.

"Baba Kabula. Ile rejeta ulifungua ukasafisha katikati?"

"Nilisafisha, bosi."

"Usinifiche leo. Kama ni chafu nazima kiyoyozi, napunguza mwendo, tunakwenda nalo taratibu. Tutachelewa, lakini tutafika. Sema."

Kabula, alinipa nafasi. Aliifungua mbele yangu kama mlango. Mama yako alikuwa amefumba macho lakini anasikia. Nikaona nikisema sikusafisha, mama yako atajua hapo hapo kwamba mume wake ni mwongo na mikono yake ni sululu kweli. Nilifikiria hilo. Sikufikiria damu. Nilifikiria jina.

Nikasema, "Ni safi. Kanyaga."

Akakanyaga.

Hatukufika mbali. Kwanza ikaja harufu tamu, ile ya maji ya rejeta. Halafu mvuke ukafunika kioo. Bosi akaondoa mguu, lakini injini ilikuwa imeshakata. Gari likaserereka kimyakimya mpaka pembeni. Hapo palikuwa na vichaka vya miiba tu, na jua la saa tisa. Kiyoyozi kilizimika pamoja na injini, na ndani ya gari pale chini pakawa kama tanuri. Tukafungua milango yote miwili. Bosi akapiga simu kituo cha afya, nesi akaligeuza gari la wagonjwa litufuate. Magari mawili yalisimama, yamejaa watu, wakatuachia maji ya kunywa. Lori la ng'ombe likasimama, tukataka kumpandisha, nilipomwinua damu ikaja nyingi. Akasema mniache nilale.

Nikamfunika uso kwa shati langu, kivuli. Akaniuliza, "Mbona tumesimama?"

Nikamwambia gari linapumzika kidogo. Hata hapo, Kabula. Hata hapo sikuweza.

Baadaye akasema, "Michembe iko kwenye kikapu, juu ya mlango. Kabula hajala." Hayo ndiyo ya mwisho. Hakuomba kitu chake. Nilimshika mkono, nikawa bado nasubiri aseme kingine, bosi akanigusa bega akaniambia amekwisha.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya hapo. Nesi yule yule alikuwa amepanda. Alishuka mbio na dripu mkononi, akamtazama, akairudisha dripu ndani. Walimpeleka Shinyanga hivyo hivyo, na mwili ukatoka huko chumba cha maiti. Ndiyo maana watu waliamini nilipowaambia alifia mikononi mwa madaktari.

Tulipokuwa bado tunangoja gari la wagonjwa, bosi alikwenda mbele ya Mjusi. Akaing'oa bampa kwa mguu na mikono, vibanio vyote vikakatika, pa pa pa. Akaingiza vidole katikati ya rejeta. Akavuta kitu. Kilitoka kama kipande cha blanketi kuukuu, kijivu, kizito, kimekaza. Akaja nacho, akakiweka kwenye kiganja changu. Akaniuliza, "Hii nini?"

Nikasema, "Pamba."

Basi. Hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye. Matangani alisimama akasema chuma ni chuma, kimefeli. Alijua, na hakunitaja. Gari likauzwa vipande, mwaka uliofuata bosi mwenyewe akahamia Geita, nikasikia amekufa huko. Fundi Athumani alirudi kutoka Tabora akaja kunipa pole. Alinishika mkono muda mrefu, akatazama vidole vyangu. Naye hakuuliza. Watu wawili walinifichia. Ningependa mmoja wao angenipiga.

Sasa kuna kosa la pili, nalo linakugusa wewe zaidi. Ulipokuwa na miaka kumi na minne ulishikwa na homa, unatetemeka, unaongea peke yako. Nikasema twende hospitali. Ukashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Ukapiga kelele kwamba hospitali ndiyo ilimuua mama. Mama Shija na mimi tulikubandua vidole kimoja kimoja. Daktari alisema ungechelewa mpaka kesho yake tusingekupata. Nilikaa nje kwenye benchi najua nani alikufundisha kuogopa. Mwaka jana uliungua mkono na mvuke huko chuoni, ukaufunga kitambaa wiki nzima, mpaka ukatoa usaha. Bado unaogopa. Hospitali haikumgusa mama yako, Kabula. Nesi aliniomba nisubiri. Mimi ndiye nilikataa. Ukiumia huko Morogoro nenda. Nenda siku hiyohiyo.

Nilirudi kwenye mawe, halafu wakanipa injini ya karasha. Unaijua ile, dizeli kuukuu, inapozwa na rejeta na pipa la maji. Wewe umekulia pembeni yake. Ulikuwa unaniuliza kwa nini kila asubuhi naishika kwa mkono mtupu kabla ya kuwasha, na kwa nini nachungulia nyuma ya rejeta na tochi hata kama niliipuliza jana. Nilikuambia ni mazoea.

Nikuambie na hili, ni dogo. Mwaka juzi msimamizi mpya, kijana, aliniuliza mbele ya watu kama nimekaza boliti za mkanda. Nikamwambia sikumbuki, ngoja nikaangalie. Wakacheka. Mmoja akasema mzee amezeeka, hakumbuki kama amekaza. Nikaenda na spana. Zilikuwa zimekaza, zote. Nikarudi nikasema zimekaza. Wakacheka tena. Kabula, kile kicheko hakikunifanya kitu. Nilikaa nikala muhogo wangu. Nikashangaa kwamba kitu kidogo namna ile ndicho nilichokiogopa mpaka nikamzika mtu.

Kwa hiyo mimi sikufundishi gari. Gari unalijua. Juzi ulinichorea kwa mkaa sakafuni jinsi mnavyoziba kila tundu pembeni ya rejeta ili upepo usikwepe, na mnavyokata boneti ili joto litoke juu. Nilielewa, Fundi Athumani angefurahi. Ninachokijua mimi na wewe hujakiona bado ni ile saa ya kuulizwa. Itakuja. Huko utakuwa msichana peke yako kati ya wanaume, umetoka Kahama, Kiswahili chako kina Kisukuma ndani yake, watakuita jina. Sijui jina gani, lakini watakuita. Na siku moja utavunja kitu kidogo mbele yao. Halafu siku nyingine jua litakuwa kali, gari liko tayari kuondoka, dereva amevaa helmeti, ataangusha kioo akuulize umeangalia? Na utakuwa hujaangalia. Kwa uchovu, kwa kusahau, kwa kuogopa, vyovyote.

Mwambie hujaangalia.

Atakutukana. Acha akutukane. Dereva akijua rejeta ni chafu anaweza kwenda nayo polepole akafika. Mimi nimekaa na jambo hili miaka kumi na sita, nimeligeuza kila upande, na jibu ni lilelile. Hatukuuliwa na ile pamba. Pamba tungefika nayo. Bosi alisema mwenyewe, tutachelewa lakini tutafika.

Kile kipande ninacho. Kilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, kule juu ya mlango, pale kilipokuwa kikapu cha michembe. Nimekitoa leo, nimekiweka kwenye mfuko. Bado kinanuka utamu ule kidogo, au ni mimi tu. Kishike. Wewe ni fundi, ukikishika utajua kilikaa wapi na kilizuia upepo kiasi gani. Ukikitaka, nenda nacho, ukitundike hapo unapoweka spana zako. Ukitaka kukitupa, kitupe. Ni chako.

Bibi yako wa Songwa naye nilimdanganya. Usimwambie wewe. Nitakwenda mwenyewe Jumapili ijayo, nitakaa mbele yake nitamwambia, yeye ndiye aliyemzaa. Akinifukuza nitatoka.

Nilipoanza kuandika asubuhi, nilipanga kuiweka barua hii chini kabisa ya boksi lako la spana. Uikute Morogoro. Usome ukiwa mbali, ulie ukiwa mbali, na mimi nisione uso wako. Nimeandika mpaka hapa nimeona huko ni kupiga maji kwa mbele tena. Ing'ae, tuagane vizuri stendi, na wewe uondoke na kitu hukijui kiko katikati.

Hapana. Nitakupa mkononi. Jioni hii, ukifika, kabla ya kula, jua likiwapo. Nitakaa palepale kwenye ndoo wakati unasoma. Sitatoka nje safari hii. Uliza unachotaka, nitajibu, na kama sikumbuki nitasema sikumbuki. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukisema mimi siyo baba yako, nitasikia. Boksi lako ni zito, kesho nitalibeba mpaka stendi kwa vyovyote. Ukitaka kutembea mbele peke yako, tembea, mimi nitakuja nyuma nalo.

Naona vumbi la gari kule barabarani, huenda ni lako. Viazi nimechemsha. Michembe ya safari nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, iko juu ya boksi, uile njiani, usiipeleke huko ikaliwa na wenzako.

Wewe ni fundi mzuri, mayu, binti yangu. Hilo nimelisafisha mpaka katikati, ni kweli tupu.

Basi lako likishaondoka nitapitia karasha moja kwa moja, injini imelala siku nzima, lazima niishike kabla haijawashwa. Kesho narudi kazini.

Baba yako